Wa kulia, wa kutuma, wa kunyamaza: Hulka yako ina mkono katika unavyobeba uchungu wa wenzako

SAA nne usiku, grupu ya WhatsApp ya mliosoma pamoja inalia. Mmoja wenu ameandika maneno matano tu: "Mathe ametuacha jioni hii, wasee."

Tazama kinachofuata.

Wa kwanza anaangua kilio kitandani kabla hata hajajibu, ilhali marehemu hakuwahi kumwona hata siku moja. Wa pili anapiga simu papo hapo: "Uko wapi saa hii? Uko na nani?" Wa tatu hasemi neno, ila baada ya dakika kumi mfiwa anapokea ujumbe wa M-Pesa, na kesho yake huyo huyo anauliza kamati ya mazishi inakutana wapi. Wa nne anaweka emoji ya viganja vilivyoshikana kisha anarudi kutazama mechi. Wa tano ameusoma ujumbe, jina lake liko kwenye orodha ya waliosoma, lakini amenyamaza. Atanyamaza wiki mbili nzima.

Sema ukweli: wewe ni yupi kati ya hao watano? Na kama wewe ndiye mfiwa, ni nani ungemfuta kwenye simu yako matanga yakiisha?

Swali hilo si la mchezo. Urafiki mwingi mtaani na kampasini haufi kwa sababu ya deni wala mapenzi. Hufa kwa sababu ya "hakuniambia hata pole". Tunamtazama asiyetoa chozi, tunasema ana roho ya jiwe. Tunamtazama anayelia kumshinda mfiwa, tunasema anaigiza, anataka kuonekana. Kumbe mara nyingi tunachokiona si roho ya mtu bali ni hulka yake: namna alivyozaliwa na kulelewa kupokea hisia za wengine.

Wanasaikolojia wamelichimba jambo hili kwa miongo kadhaa. Waliyoyapata yanaweza kukuondolea lawama usizostahili, au kukuzuia kumlaumu rafiki yako bure.

KUMHISI MWENZAKO SI KITU KIMOJA

Wengi wetu hudhani huruma ni kama maji mtungini: kuna aliyejaliwa tele na kuna aliyekaukiwa. Mambo hayako hivyo.

Mwaka wa 1983, mwanasaikolojia Mmarekani Mark Davis alichapisha utafiti kuhusu dodoso alilolibuni la kupima namna watu wanavyozipokea hisia za wenzao. Lina sentensi 28, nazo zimegawanywa katika mafungu manne, sentensi saba kila fungu. Hadi leo dodoso hilo ni miongoni mwa yanayotumiwa sana duniani katika utafiti wa aina hii.

Fungu la kwanza ni la akili: uwezo wa kujitia mahali pa mwenzako ukaliona jambo kwa macho yake. La pili ni kuzama katika hadithi. Hapa ndipo ulipo wewe unayemlilia mhusika wa sinema ilhali unajua fika kwamba ni mwigizaji na amelipwa. La tatu ni kujali, yaani ule ulaini wa moyo unaokusukuma kumwendea aliyeumia. La nne ni kutaabika mwenyewe: kubanwa kifua, kuingiwa na hofu na kutamani kukimbia unapomwona mtu yuko taabani.

Mtu mmoja anaweza kuwa na alama za juu katika fungu moja na za chini katika jingine. Kuna msee anayeweza kuielewa shida yako barabara, akakutajia hata ambalo hujalisema, lakini moyo wake usitikisike. Tapeli hodari ni wa aina hiyo. Anajua vizuri unavyohisi, na ndiyo maana anakunasa. Kuna mwingine ambaye ukilia naye analia, lakini ukimuuliza hasa kinachokusumbua ni nini, hajui.

Kwa hivyo mtu akikwambia "fulani hana huruma", muulize: hana ipi?

KULIA KWAKO KUNAMFAA NANI?

Fungu la tatu na la nne ndiyo yanayotuchanganya zaidi. Kwa nje yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mwenye kujali hulia, na mwenye kutaabika hulia vilevile. Tofauti huonekana mlango wa kutokea ukiwa wazi.

Mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliijaribu tofauti hiyo katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 1981. Wanafunzi walimtazama kwenye runinga mwanamke kijana aliyeonekana kupigwa shoti za umeme na kuumia. Kwa kweli hakukuwa na shoti yoyote, mwanamke huyo alikuwa anaigiza. Kisha waliulizwa kama wangekubali kuchukua nafasi yake. Baadhi yao walikuwa wameambiwa kwamba wakikataa wanaweza kujiendea zao baada ya muda mfupi. Wengine waliambiwa kwamba wakikataa watalazimika kuendelea kumtazama akiumia hadi mwisho.

Waliokuwa wamejawa na kujali walikuwa tayari kuchukua nafasi yake hata pale ambapo kuondoka kulikuwa rahisi. Waliokuwa wamejawa na kutaabika walikuwa wepesi wa kusaidia pale tu walipokosa njia ya kukwepa. Wakipata mlango, wengi wao waliondoka. Walichokuwa wakikitafuta ni kuuzima uchungu wao wenyewe, na kuondoka kunauzima haraka kuliko kusaidia.

Sasa mrudie yule wa tano kwenye grupu, aliyesoma akanyamaza. Inawezekana kabisa kwamba hakuguswa. Lakini inawezekana pia kwamba aliguswa kupita kiasi. Msiba wa mwenzake umemkumbusha mamake mwenyewe, kifua kimembana, kila sentensi anayoiandika anaiona haifai, akaifuta, akaizima simu. Huyo na yule wa kwanza anayelia kitandani huenda ni ndugu wa hulka moja. Mmoja amefurika, mwingine amekimbia mafuriko. Na mfiwa, kwa bahati mbaya, hajapata msaada kwa yeyote kati yao.

HULKA TANO, MAPOKEZI MATANO

Tangu miaka ya 1980, wanasaikolojia wengi wamekuwa wakiipima hulka ya mtu kwa vipimo vitano vikuu. Fahamu kwamba hivi si visanduku vya kuwatia watu, eti wewe uko humu na yule yuko kule. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila kipimo, kama vile kila mtu ana kimo na uzito.

Cha kwanza ni ukunjufu. Mtu mkunjufu ni mwepesi wa kuwaamini watu, hupenda amani, na huona raha kumwachia mwenzake nafasi. Katika tafiti nyingi, hiki ndicho kipimo kinachoandamana zaidi na kujali. Ukimwona rafiki ambaye kila mtu humwendea na shida zake, huenda ukunjufu wake uko juu. Aliye chini kwenye kipimo hiki si mbaya lazima. Mara nyingi ndiye atakayekwambia ukweli ambao wakunjufu wote wameogopa kukwambia.

Cha pili ni wasiwasi. Mwenye kipimo hiki juu hushtuka upesi, huwaza sana usiku, na dogo kwake huwa kubwa. Hiki huandamana na lile fungu la kutaabika. Anaziona hisia za watu mapema kuliko wengine, lakini zinamwingia kama maji kwenye nyumba isiyo na kizingiti.

Cha tatu ni uchangamfu. Mchangamfu hupata nguvu akiwa na watu. Yule wa pili kwenye grupu, aliyepiga simu papo hapo, huenda ni wa hapa. Hata hivyo, usiuchukue uchangamfu kuwa kipimo cha huruma, kwa sababu unakuonyesha zaidi jinsi mtu anavyozitoa hisia kuliko jinsi anavyozihisi. Mpole anayeketi kimya kando yako siku nzima kwenye matanga anaweza kuwa na uchungu sawa na wa anayeongoza nyimbo.

Cha nne ni nidhamu: kutimiza ahadi, kupanga, kumaliza ulichoanza. Wengi hawaihusishi na huruma hata kidogo. Lakini mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watu wa China, Ujerumani, Uhispania na Marekani, na katika nchi hizo nne ukunjufu na nidhamu ndizo hulka zilizojitokeza zaidi kuandamana na uwezo wa kumhisi mwenzako. Mkumbuke wa tatu wetu, yule wa M-Pesa na kamati. Hakutoa chozi wala shairi. Lakini jeneza linahitaji mtu wa kulilipia, na basi la kwenda mashambani linahitaji mtu wa kulikodi.

Cha tano ni udadisi, yaani uwazi wa mawazo. Mdadisi hupenda hadithi, muziki, watu wasiofanana naye na maswali yasiyo na jibu. Huyu huzama kwa urahisi katika maisha ya mhusika wa riwaya, na hujitia kwa wepesi mahali pa mtu wa kabila, dini au tabaka jingine.

Tahadhari moja: vipimo hivi hutegemea sana majibu ambayo watu hujipa wenyewe, na binadamu hupenda kujisifu. Tena vinaeleza mwelekeo tu. Havitabiri utakachokifanya Jumanne saa kumi jioni ukimwona mtu ameanguka kando ya barabara.

HARAKA HUUZIMA MOYO

Na tuseme ni Jumanne hiyo, saa kumi jioni, katikati ya jiji. Mtu ameanguka. Watu wanampita. Wewe je, utasimama?

Mwaka wa 1973, John Darley pamoja na Batson huyo huyo walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya mjini Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 waliokuwa wakisomea mambo ya dini. Kila mmoja alitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema, kile kisa cha Biblia cha mtu aliyesimama kumsaidia aliyeumizwa na wanyang'anyi. Njiani walimkuta mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Aliwekwa pale na watafiti.

Miongoni mwa wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisaidia. Miongoni mwa walioambiwa wamechelewa sana, ni asilimia 10 tu. Kwamba mtu alikuwa anakwenda kumhubiri Msamaria Mwema hakukubadilisha mambo kwa kiasi cha maana, na namna yake ya kushika dini pia haikutabiri kama angesimama.

Ukiishi mjini unaelewa. Umetoka kazini, stima imekatika, nauli imepanda kwa sababu ya mvua, konda anakusukuma, na simu ina asilimia tatu ya chaji. Hapo hata mkunjufu wa kupindukia hamwoni mtu. Kwa hiyo yule wa nne, aliyeweka emoji akarudi kwenye mechi, usimhukumu mapema. Huenda ni mtu baridi kweli. Huenda pia ni msiba wa tatu anaousikia mwezi huo na hana kitu mfukoni.

HISIA HUAMBUKIZA, HATA KUPITIA SIMU

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo hata hulka haiizuii kikamilifu. Mwaka wa 1994, wanasaikolojia Elaine Hatfield, John Cacioppo na Richard Rapson walichapisha kitabu kizima kuhusu kuambukizana hisia. Wanaeleza kwamba bila kujua, tunaiga sura, sauti na mikao ya walio mbele yetu, na kwamba kule kuiga hutuletea ndani kivuli cha hisia zenyewe. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye kinyongo anaweza kuiharibu ofisi nzima kabla ya saa nne asubuhi, na ndiyo maana kicheko cha mtoto mmoja kwenye matatu huwafanya abiria wasiojuana watabasamu. Hata vichanga wa siku chache wodini, mmoja akilia, wengine hufuata.

Mwaka wa 2014 ilibainika kwamba hili lilikuwa limejaribiwa kwenye Facebook. Kwa wiki moja mnamo Januari 2012, watafiti waliwapunguzia baadhi ya watumiaji machapisho ya furaha, na wengine wakapunguziwa ya huzuni. Watumiaji waliohusishwa walikuwa 689,003. Waliopunguziwa furaha wakaandika maneno ya huzuni zaidi kidogo, na waliopunguziwa huzuni wakafanya kinyume. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilikuwepo, bila sauti na bila sura. Watu wengi walikasirika, na haki yao, kwa kuwa hawakuwa wameombwa idhini ya wazi.

Sisi Wakenya hatuhitaji maabara kulijua hilo. Kumbuka Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 mwezi huo, waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi zikalia, maelfu waliokuwa nyumbani walikesha na simu mkononi, video baada ya video. Wapo waliolia. Wapo walioshindwa kula. Wapo waliochanga pesa za matibabu na mazishi ya watu wasiowajua majina. Na wapo waliofunga mitandao kwa siku kadhaa kwa sababu moyo ulikuwa umefika shingoni. Uchungu ulikuwa mmoja, ila kila hulka iliupokea kivyake.

"WANAUME HAWANA HISIA"? NGOJA KWANZA

Umelisikia hili kwenye kila mjadala wa mapenzi. Ni kweli kwamba wanawake wakijipima kwa dodoso, kwa kawaida hujipa alama za juu kuliko wanaume. Lakini je, wanaume hawawezi, au hawajashughulika?

Mwaka wa 2001, watafiti Kristi Klein na Sara Hodges walichapisha jaribio ambapo watu walimtazama mtu akieleza shida yake kwenye video, kisha wakakisia alichokuwa akikiwaza. Katika hali fulani wanawake waliwashinda wanaume. Watafiti walipoahidi pesa kwa kila anayekisia sawasawa, wote waliboresha alama zao, na pengo kati ya wanaume na wanawake likatoweka.

Kwa hivyo buda, ukimwambia mpenzi wako kwamba wewe "umeumbwa hivyo", ujue sehemu ya tatizo ni bidii. Kijana aliyeambiwa tangu utotoni "wacha kulia kama msichana" amefunzwa kuufunga mlango. Kuufunga mlango si sawa na kutokuwa na nyumba.

Hivyo hivyo kwa wazee wetu wanaodai kwamba vijana wa siku hizi hawana utu. Mtafiti Sara Konrath alipoyajumlisha majibu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani ya kuanzia 1979 hadi 2009, alikuta kweli kujali kumeshuka, na habari hiyo ikaenea duniani. Baadaye yeye na wenzake waliongeza miaka iliyofuata, hadi 2018, wakakuta kwamba kuanzia mwaka wa 2008 alama zilikuwa zimeanza kupanda tena. Habari hiyo ya pili haikuenea sana.

HULKA SI HUKUMU

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Nusu si yote. Tena kwa kawaida watu wanapoingia utu uzima ukunjufu na nidhamu huongezeka, na wasiwasi hupungua. Ulivyo ukiwa na miaka 21 sivyo utakavyokuwa ukiwa na 40.

Zaidi ya hayo, unachokiamini kina nguvu yake. Mwaka wa 2014, Karina Schumann, Jamil Zaki na Carol Dweck walionyesha kwamba watu wanaoamini kuwa uwezo wa kumhisi mwenzako unaweza kukuzwa hujikaza zaidi pale jambo linapokuwa gumu, mathalani kumsikiliza mtu mwenye msimamo usiofanana na wao. Wanaoamini kwamba mtu huzaliwa nao au hazaliwi nao, huachia njiani.

Na nenda ukawatazame Wakenya waliokuwa ndani ya basi la Mandera, Desemba 2015. Wanamgambo wa al-Shabaab walipolivamia na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu walikataa. Wengine walikuwa wamewapa wenzao vitambaa vya kujifunika ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika shambulio hilo na akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018. Mle ndani bila shaka kulikuwa na wachangamfu na wapole, wenye wasiwasi na watulivu, maana basi lolote huwa hivyo. Hulka zao hazikuwa moja, lakini walikataa kwa pamoja.

BASI UFANYE NINI?

Kama wewe ni wa kufurika, yule anayelia kwa ajili ya kila mtu, usijitukane kwamba wewe ni dhaifu. Lakini jifunze kuitoa macho taabu yako na kuyaelekeza kwa mwenye taabu. Mtafiti Tania Singer na wenzake nchini Ujerumani walikuta kwamba kuwafundisha watu kuuhisi tu uchungu wa wengine kuliwaongezea hisia mbaya. Walipowafundisha kumtakia mema aliyeumia, nia ya upole badala ya kuuvaa uchungu wake, hisia zao nzuri ziliongezeka. Kwa maneno ya mtaani: usiingie shimoni naye, simama ukingoni umshushie kamba. Na ukihisi mizigo ya watu imekulemea mwenyewe, piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, uongee na mtu.

Kama wewe ni wa kutoroka, anza na kidogo. Huna haja ya hotuba. Lugha yetu imekupa neno moja linalotosha: pole. Angalia utajiri huo. Tuna "samahani" ya kukiri kosa, na tuna "pole" ya kumwambia mtu kwamba umeliona lililompata, hata kama huna mkono ndani yake. Unampa pole aliyejikwaa, aliyetoka safarini, aliyefiwa. Silabi mbili tu. Hata kama wiki mbili zimepita, pole iliyochelewa ni bora kuliko ile isiyofika kabisa.

Kama wewe ni mtu wa vitendo, wa kutuma na kupanga, endelea, watu kama wewe ndio hufanya mazishi yaende. Ila ongeza sentensi moja juu ya pesa. Mfiwa hawezi kuisoma nia yako kwenye ujumbe wa M-Pesa usio na neno.

Kama wewe ni wa simu na kelele, punguza mdomo kidogo. Usikimbilie kusema "najua unavyohisi". Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sema "sijui unavyohisi, lakini niko hapa", kisha usikilize bila kuleta kisa chako.

Na kama wewe ni mtu baridi kidogo, usiyetikisika upesi, usijilazimishe machozi. Watu huyajua machozi ya mamba. Tumia akili uliyo nayo: uliza, "Nini kitakusaidia wiki hii?" Kisha ukitimize. Katika chumba kilichojaa vilio, mtulivu mmoja anayejua cheti cha kifo kilipowekwa ni baraka.

Hayo ni ya upande wako. Upande wa pili ni namna unavyowahesabia wenzako. Kabla hujamwondoa mtu maishani kwa sababu hakulia nawe, jiulize kama alikuja kwa njia nyingine ambayo hukuitambua: aliyekufulia nguo, aliyekukalia na mtoto, aliyekuletea chapati na maharagwe bila kusema kitu, aliyekufanyia zamu kazini. Na kama hakuja kwa njia yoyote, muulize. "Nilikungoja, hukuja. Kulikuwa na nini?" Wengine watakupa sababu itakayokutoa machozi upya. Wengine watakosa la kusema, na hapo utakuwa umejua.

Kisha uangalie kalenda yako. Siku ya mazishi huwa na watu mia tatu. Mahema yakishang'olewa, sufuria zikarudishwa na basi likarejea mjini, mfiwa hubaki na simu isiyolia. Hapo hakuna anayekutazama, hakuna grupu wala orodha ya mchango, na hulka yoyote uliyo nayo inaweza kufanya kazi: mchangamfu apige simu, mpole aende kuketi, mwenye nidhamu aweke kikumbusho cha wiki ya tatu. Kama kuna mtu unayemdai pole, au unayedaiwa pole naye, saa hii si mbaya.